Ciao nilitoka nayo Malindi, buongiorno nikaja kufunzwa Bologna

Mimi ni mtu wa Malindi, na mtu wa Malindi hata kama hajakanyaga darasa la lugha ana Kitaliano chake mdomoni. Tumekua na vibao vya Kitaliano barabarani, pizzeria hapa gelateria pale, dereva wa tuktuk akiona mzungu tu ashaanza "ciao, come stai, tutto bene?", na watoto wa njia ya Watamu wakiona gari la watalii wanakimbia pembeni wakiita ciao ciao mpaka gari lipotee. Wataliano kwetu si wageni wa juzi. Walikuja tangu miaka ya sitini na ile kazi ya maroketi pale Ngomeni, San Marco, ambako mwaka 1967 walirusha satelaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, ikarushwa hapo hapo satelaiti ya Wamarekani ikapewa jina la Uhuru. Mjombangu alifanya kazi ya jikoni kule miaka ya themanini, yeye ndo alonifunza kuhesabu uno due tre hata shule sijaanza.

Kwa hivo nilipofika Bologna nikapata kazi ya kukaa na mama mmoja mzee, huku mfanyakazi wa namna hiyo anaitwa badante, yaani unalala hapo hapo, unapika, unampa dawa, unamtoa kutembea, mimi kwa upande wa lugha sikuwa na wasiwasi wowote. Siku ya kwanza binti yake akanifungulia mlango akanipeleka sebuleni, nikamkuta mwenyewe kwenye kiti karibu na dirisha, miaka 86, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, shali mabegani. Nikamwendea na furaha yangu yote nikamwambia "ciao mamma, come stai?" Moyoni mwangu nimemheshimu, nimemwita mama, nimemuuliza hali, nini tena? Yule mama akamtazama bintiye, kisha akanitazama mimi, akanyoosha mkono akasema polepole "buongiorno, signora". Hakukasirika wala hakucheka. Mimi ndo mdogo pale na yeye ndo akanipa heshima, nikahisi kuna kitu hakijakaa sawa lakini sikujua ni kipi.

Usiku nikampigia mamangu kwa wasap nikamsimulia. Mamangu Kitaliano chake ni hiyo hiyo ciao lakini alifahamu hata sijamaliza. Akanambia, "We mwanangu, umeingia nyumba ya mtu mzima ukamwambia mambo?"

Basi ndo hapo. Ciao yetu ya Malindi si ya uongo, ni Kitaliano kabisa, ila ni mambo, ni vipi, ni sasa. Unampa rafikiyo, ndugu yako, mtoto, mtu wa rika lako mliozoeana. Mtalii anakuja pwani kupumzika, yuko na kaptura na miwani ya jua, anakubali kuambiwa ciao na yeyote, na sisi tukadhani lugha yote iko hivo. Lakini huku kwao mtu usiemjua, mtu mzima, daktari, mwenye duka, jirani wa ghorofa ya juu, huyo ni buongiorno. Na "mamma" ni mamako alokuzaa peke yake, hawana kama sisi mama mboga, mama fulani, mama wa watu wote, mwanamke mwengine yeyote ni "signora" na mwanamume ni "signore". Na vijana wa bichi wanaosoma hapa, ile "ciao bella" nawaomba muiwache huko huko, manake ukimwambia mwanamke usiemjua njiani hapa Bologna umemvunjia heshima, haijalishi umesema kwa sauti nzuri kiasi gani.

Halafu kuna hii ya "come stai" na "come sta", tofauti ni herufi moja tu ya mwisho lakini ni kubwa. Stai unamwambia mtu wako. Sta unamwambia mtu wa kuheshimiwa, na hapo unamuita Lei, ambayo maana yake ya asili ni "yeye" wa kike, hata kama unaongea na mwanamume mwenye ndevu bado ni Lei. Yaani unaongea na mtu usoni kama unamuulizia mtu mwengine, "yeye hajambo?" Mwanzo ilinipa tabu sana ulimi ulikuwa unarudi kwenye stai kila saa, mpaka nikaanza kujiuliza kabla sijafungua mdomo, huyu kwetu ningempa shikamoo? Kama ndio, basi ni buongiorno na Lei. Kipimo hicho kimenisaidia kuliko vitabu vyote, na kwa kweli hakijanitupa mara nyingi.

Kumbe hata ciao yenyewe ina historia yake. Signora wangu alisomesha shule ya msingi miaka mingi, na mtu akishakuwa mwalimu hawachi, siku moja akanieleza kuwa ciao imetoka kwa watu wa Venezia, zamani mtu alikuwa akimwambia mwenziwe "s-ciavo", yaani mimi mtumwa wako, ikawa ni adabu kubwa, ikafupishwa fupishwa mpaka ikawa ciao ya leo ambayo unampa yeyote mliozoeana. Nikamwambia sisi tuna shikamoo, wazee wetu wanasema maana yake nashika miguu yako. Akanyamaza kidogo akaitikia kwa kichwa. Salamu mbili zote zimeanzia chini, kwenye kujishusha, yao ikapanda ikawa ya marafiki na yetu ikabaki kwa wakubwa. Nililiwaza hilo wiki nzima.

Na sisi watu wa pwani tuna bahati manake salamu zao zinafuata jua kama zetu za kizamani. Sabalkheri ni buongiorno, masalkheri ni buonasera. Ile ya mchana, "buon pomeriggio", iko kwenye vitabu na utaisikia kwenye redio au tivii lakini mtu njiani haisemi sana. Buonasera inaanza lini ni kulingana na mahali, hapa Bologna mpaka alasiri naona watu bado wako kwenye buongiorno lakini nilipoenda Firenze, treni ya haraka ni nusu saa na kitu tu, mtu ametoka kula chakula cha mchana jua bado kali ashanambia buonasera. "Buonanotte" nayo ni alamsiki kabisa, ni ya kuagana, watu wanaenda kulala. Mimi niliitumia kuingia dukani saa moja ya usiku, muuzaji akadhani naondoka.

Ukiondoka mchana unasema "buona giornata", jioni "buona serata", na hizi usizichanganye na zile za kukutana. "Arrivederci" iko salama kila mahali, na ukitaka kumpandisha mtu juu zaidi kuna "arrivederLa". Kama hujui mtu umuweke wapi kuna "salve", hii ni Kilatini cha zamani, maana yake uwe mzima, iko katikati si juu si chini. Signora haipendi, anasema haina mwenyewe, lakini mimi ilinivusha miezi ya mwanzo na siisemi vibaya.

Kitu ambacho kilinifurahisha mpaka machozi yakanilenga ni hodi. Nilidhani wazungu hawana hodi. Siku moja fundi wa bomba alikuja, mlango uko wazi kabisa na mimi niko hapo hapo namuona, akasimama kizingitini akasema "permesso?" hakuingia mpaka signora aliposema kutoka ndani "avanti, avanti". Hodi na karibu! Nimekaa huku miezi minne nagonga mlango wa chumba chake kimya kimya naingia kama paka kumbe neno lipo. Toka siku hiyo kila asubuhi kabla sijaingia na chai yake nasema permesso, na nikaona hata namna anavonitazama imebadilika, hakuniambia kitu ila niliona.

Jengine ni kwa daktari wa mtaa. Unaingia chumba cha kusubiri, watu wamekaa, hamna anaekujua, unasema buongiorno kwa wote, nao wanakuitikia wote, halafu unauliza "chi è l'ultimo?", nani wa mwisho, mtu anainua mkono basi foleni yako iko nyuma yake. Ukiingia kimya ukakaa wanakuona hukulelewa. Na kwenye lifti na ngazi ni hivo hivo. Lakini wakishasema buongiorno wamemaliza, hawana habari za nyumbani, watoto hawajambo, kazi je, mvua zimenyesha. Mimi nilikuwa naendelea kuuliza mtu ashafika mlangoni. Niliumia kidogo mwanzo nikiona kama wananikimbia, sasa nimezoea, na nimegundua maneno yao ya upole yako sehemu nyengine, kwenye hiyo "buon", yaani njema. Unaenda kazini wanakwambia buon lavoro, unaenda kupumzika buon riposo, Jumapili buona domenica, chakula buon appetito. Neno la pole tu ndo sijalipata mpaka leo. Mtu amebeba mzigo mzito anapita mbele yako, unataka kumwambia pole na kazi, mdomo unabaki wazi.

Sasa matamshi. Hapa Mswahili anaanza akiwa mbele ya wengine manake a e i o u zetu zinafanana sana na zao, na mwisho wa neno wanaweka irabu kama sisi. Bwana ukiweza kusema bwana basi "bwo" ya buongiorno unayo tayari: bwon-jorno. Signora ni sinyora, gn yao ni ny ya nyumba. Quanto ni kwanto. Lakini huo huo Uswahili una mitego, na mtego mkubwa ni ch. Sisi tukiona ch tunasoma cha chai, wao ch ni k. Wiki ya kwanza signora alikuwa ananiitisha "kyavi, kyavi" na mimi nazunguka nyumba nzima, nilikuwa nimeliona neno kwenye daftari limeandikwa chiavi nikalikariri chi-a-vi, funguo ziko mezani mbele yangu na mimi nazitafuta. Na cha ya chai wao wanaiandika c ikifuatwa na i au e, ndo ciao inakuwa chao na piacere, ile unayosema ukijuana na mtu kwa mara ya kwanza, inakuwa pya-che-re. Sc ikifuatwa na i au e ni sh, uscita ya mlango wa kutokea ni ushita. H yenyewe imekufa, imeandikwa lakini haisemwi, ho fame, nna njaa, ni o fame, na mimi miezi nilikuwa naipumua hiyo h kwa nguvu kama nasema hodi.

Halafu mkazo. Kiswahili kinaweka uzito silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, hatufikirii. Kitaliano mara nyingi ni hivo hivo lakini si kila mara. Grazie nilikuwa nasema gra-TSI-e, nabonyeza i, kumbe ni GRA-tsye, i inapita haraka. Sabato ni SA-bato, telefono ni te-LE-fono. Na papà ukibonyeza mwisho ni baba, ukibonyeza mwanzo ni Papa wa Roma. Nilimwambia jirani kuwa papa wangu yuko Malindi ameshikwa na malaria, akashika kifua.

Lakini kilichonisumbua kuliko vyote ni konsonanti mbili mbili. Niliandikishwa kwenye CPIA, shule za serikali za watu wazima ambako wahamiaji tunasoma Kitaliano, na siku ya kujieleza miaka yangu nikasema "ho trentaquattro ani". Mwalimu akanisahihisha haraka haraka akaenda kwa mwengine, mimi sikusikia tofauti yoyote. Nyumbani nikamuuliza signora. Akafunga macho akanieleza kwa adabu yake kuwa anno ni mwaka na ano ni sehemu ya mwili ya kwenda chooni, na kuwa penne za kula nazo zina n mbili na ukitoa moja unataja uchi wa mwanamume. Nikawa nimejiinamia. Akasema "no no, su", yaani haya inuka, akachukua kijiko cha chai.

Tulikuwa tumemaliza kula, sahani bado mezani. Akagonga meza mara moja akasema "no", halafu akakiinua kijiko akakishikilia hewani, kidole kimoja cha mkono mwengine kimewekwa mdomoni, kimya, nikaona ulimi wake umeng'ang'ania nyuma ya meno hautoki, kisha kijiko kikashuka "te". Notte, usiku. Akanambia kile kimya ndo t ya kwanza, usikiruke. Akagonga tena: sete bila kusubiri, ni kiu. Se, kijiko juu, te, sette, ni saba. Sono, niko. So, kijiko juu, no, sonno, usingizi. Casa nyumba, cassa pale unapolipia supermaketi, na ndo nikafahamu kwa nini yule kijana wa supermaketi alinishangaa nilipomuuliza nyumba iko wapi. Tulikaa hapo mpaka chai ikapoa, mimi nagonga na yeye anagonga, na kila nikikosea hakusema nimekosea, alikiinua tu kijiko upya.

Usiku nikiwa kitandani najaribu anno, anno, ndo ikanijia. Sisi tuna nne! Nambari nne, ile n ya mwanzo tunaikalia peke yake kabla ya ne. Basi penne ni pe halafu nne. Na watu wa pwani tunasema nna njaa, nna kazi, basi nonna, bibi, ni no halafu nna. Mamma ni ma halafu mm ya mmoja. Ilikuwa mdomoni mwangu tangu utotoni. Asubuhi sikuweza hata kusubiri, permesso, nikaingia nikamwambia signora sikiliza, penne, anno, nonna, akakaa vizuri kwenye mto akanambia rudia. Nikarudia. Akataka nimfunze hiyo nne, akaisema vizuri mara ya kwanza, halafu akataka moja, mbili, tatu. T mbili na c mbili na p mbili hazina msaada kwetu, hizo nilizipata kwa kijiko tu, na mpaka leo nikichoka zinaniponyoka, ila nikisikia mtu kutoka kwetu anajifunza namwambia aanze na nne.

Ningekuwa na la kumwambia anaekuja huku basi asikimbilie maneno mengi. Chukua buongiorno, buonasera, permesso, grazie, arrivederci, hizo tano, zikae mdomoni mpaka mtu wa huku akisikia asigeuke. Sarufi utaipata darasani, na mitihani ipo, ukitaka kibali cha kukaa muda mrefu ni kiwango cha A2 na uraia tangu mwisho wa 2018 ni B1, kiwango cha juu yake, hayo utasoma tu. Lakini salamu hakuna mtihani wake, unapimwa kila ukifungua mlango. Na tafuta mtu mzima, wazee wa huku wana muda, ukimuuliza neno anaona umempa kitu.

Mwaka uliofuata, siku ya kuzaliwa kwake, signora akanambia "diamoci del tu", yaani tuwache Lei, tuitane "tu", ile wewe ya watu waliozoeana, kama watu wa nyumba moja. Huku huwa mkubwa ndo anaitoa hiyo, mdogo haiombi. Nilishukuru sana na nilijaribu, wallahi nilijaribu, lakini kumwambia ciao yule mama mdomo ulikataa, ni kama nimwambie bibi yangu mambo. Nikamueleza. Basi tukakubaliana, yeye ananipa ciao na "tu", mimi nampa buongiorno na Lei, kila mtu anasema ya kwake kama shikamoo na marahaba.

Sasa ana miaka 89. Miezi michache iliyopita akaniuliza permesso kwetu inaitwaje nikamwambia hodi, na avanti je, nikamwambia karibu. Akaisema karibù, uzito wote mwisho. Nikachukua kijiko nikagonga: ka, RI, bu. Akacheka, akagonga yeye. Siku hizi nikisimama mlangoni asubuhi na trei ya chai nikasema permesso, napata jibu kutoka ndani, wakati mwengine ri iko mahali pake, wakati mwengine bado inakimbilia mwisho, na siku hizo naiweka trei chini, nakichukua kijiko.